Mrembo wa kwenye kadi ya sigara hakuwekwa pale kwa ajili ya wanawake

Watu huleta kadi za sigara za miaka ya 1880, yaani kadi ndogo zenye picha zilizowekwa ndani ya pakiti, zikadiriwe bei, na maelezo ni yaleyale: "Hizi zilikuwa za kuwashawishi wanawake wavute." Si kweli hata kidogo. Mnunuzi alikuwa mwanamume, na picha ilikuwa chambo chake.

Mwaka 1884 kampuni ya W. Duke, Sons & Co. ya Durham, North Carolina, ilianza kutumia mashine ya Bonsack, iliyosokota sigara zaidi ya 100,000 kwa siku. Sigara zikafurika, ilhali wanaume wengi wa Marekani bado walitafuna tumbaku au kuvuta kiko. Pakiti ya sigara 10 iliuzwa senti 5, na kwa kuwa ilikuwa ya karatasi laini, ndani kiliwekwa kipande cha kadi ili sigara zisipondeke. Kadi hiyohiyo ikabandikwa picha ya mwigizaji wa jukwaani aliyevaa nguo ya kubana miguuni. Nyingine, ukizigeuza, zina orodha ya mfululizo mzima, mteja arudi dukani kusaka anazokosa. Mwanamke wa heshima kuvuta hadharani ilikuwa aibu. Washington Duke mwenyewe alimwandikia mwanawe James mwaka 1894 akilalamika kwamba picha hizo zinaharibu vijana. Matangazo makubwa ya sigara yaliyomlenga mwanamke ni ya miaka ya 1920: Marlboro ikaja 1924, na mwaka 1928 Lucky Strike ikamhimiza achukue sigara badala ya kitu kitamu. Tafadhali, usichanganye vipindi hivi.

Kuna madai mengine pia. "Wanawake wote wa kwenye kadi walikuwa waigizaji." Wengi, ndiyo. Lakini Annie Oakley, mlenga shabaha, yumo katika mfululizo wa mabingwa wa kampuni ya sigara ya Allen & Ginter wa 1887, kwa kazi yake.

"Ukahawia ni doa la tumbaku." Hapana, hiyo ni picha ya albumini, yaani ya kamera iliyotolewa kwenye karatasi iliyopakwa ute wa yai na chumvi ya fedha: ute hugeuka manjano na fedha hufifia. Ukiilowesha ili kuisafisha, tabaka la juu hupasuka na hakuna wa kulirudisha.

"Ikichakaa ndiyo halisi." Hapana, mghushi akiipaka chai, karatasi huonekana kuukuu kwa jioni moja. Ili kutambua ya kweli, shika lenzi ya kukuza mara 10 utazame vitone vya wino. Albumini haina vitone kabisa. Litografia ya rangi, yaani picha iliyochapwa kwa jiwe enzi hizo, ina vitone visivyo na mpangilio. Vitone vilivyojipanga sawasawa kama ua ni chapa ya baadaye. Kisha imulike kwa taa ya urujuanimno gizani: karatasi ikimeremeta weupe wa kibuluu, si ya karne ya 19.