Pampu kubwa haivuti mafuta kwenye mwamba

Jamani hii imezidi. Kila nikikaa na watu hapa Hoima, Uganda, kwenye visima vya mafuta, lazima mmoja aseme, injinia, si muweke tu pampu kubwa mafuta yaje mengi? Na wengine ni watu wamesoma kabisa.

Pampu haivuti kitu kwenye mwamba. Inainua kilichoshaingia kisimani, presha ya kule chini ya kisima inashuka, alafu mwamba wenyewe ndo unasukuma mafuta yaingie. Kama mwamba hausukumi, hata ufunge pampu ya namna gani, utapata umeme wa kulipia tu.

Sasa angalieni mkunjo wa Vogel, yaani mchoro wa kukadiria kisima kitatoa mafuta kiasi gani presha ya chini ikishuka, ni wa 1968 na bado tunautumia kila siku. Ukishusha presha ya chini mpaka nusu ya presha ya mwamba, tayari una asilimia 70 ya yote ambayo kisima kinaweza kutoa. Ukiishusha mpaka sifuri, kitu ambacho hakuna mtu anafanya, unaongeza 30 tu. Hiyo pampu kubwa mnayonidai inapigania hiyo 30, na njiani gesi inajitenga ndani ya mwamba inabana njia ya mafuta, pampu inameza gesi inapata moto, maji ya chini yanapanda na yakishafika kisimani kuyarudisha ni shida kubwa, na mchanga wa huku Ziwa Albert haujashikana vizuri, ukiulazimisha unakuja nao unakula pampu yenyewe. Watu wa vijijini wanalijua hili, kiangazi ukipampu bohoo haraka kuliko maji yanavyojikusanya inatoa tope.

Nikiri kitu hapa. Vogel alitengeneza mkunjo wake kwa mafuta yanayosukumwa na gesi iliyoyeyuka ndani yake. Presha ikiwa bado juu ya kiwango cha mapovu, yaani presha ambayo gesi inaanza kujitenga na mafuta, ni mstari mnyoofu, na maji yakianza kuingia mkunjo unapoteza uaminifu, hapo wengi wetu tunakadiria, tunapima kisima, tunarekebisha makadirio. Vitabu vinaonyesha kama ni hesabu safi. Si safi.

Alafu kuna nta. Mafuta yetu yanaganda karibu nyuzi 40, ndo maana bomba la kwenda Tanga, kilomita 1,443, limeundwa lipashwe joto njia nzima. Kwa hiyo mara nyingine mwamba uko sawa, pampu iko sawa, mrija wa kupandisha mafuta juu ndo umejaa nta, na dawa yake ni joto, kemikali au kukwangua. Vile vifaa vya sumaku vya kuzuia nta mimi sijaridhika navyo, kisima kimoja vinaonekana kusaidia, cha jirani hakuna kitu, na sijapata maelezo ya kunishawishi kwa nini.

Uharibifu wa tope la kuchimbia pembeni ya kisima nao unaua uzalishaji kimya kimya, ila huo nitauandikia siku nyingine.

Kwa hiyo mwenye kifaa cha kuongeza mafuta, kabla hujaniambia bei, nipe presha ya chini ya kisima kwa viwango vitatu tofauti vya uzalishaji, na asilimia ya maji kwa kila kimoja. Bila hizo namba hatujui tatizo liko kwenye mwamba, kwenye pampu au kwenye mrija.