Meno yamezibwa, fizi bado zinatoka damu

"Daktari, si nimeshamaliza kuziba, hii damu ya nini tena?" Hapa Tanga nimelizoea swali hili, hasa kwa watu wenye meno mengi yaliyozibwa. Wapo walioambiwa kwingine kuwa watapasuliwa fizi, wakatoka mbio.

Mimi kabla ya kutaja kisu huikagua kwanza kazi ya kuziba. Tundu likiwa kati ya meno mawili, tena limeshuka hadi chini ya fizi, kuliziba sawasawa ni kazi ngumu: mate yanaingia, damu inaingia, jicho halifiki. Dawa ya kuzibia ikizidi ukingo wa jino inaacha kingo iliyojitokeza, ambayo mswaki hauisafishi. Ukoga, ule utando laini wa uchafu, unajaa hapo, unakuwa mgumu na kugeuka ugaga, na fizi inavimba. Ukila mishikaki na nyama ikanasa palepale kila siku, niambie. Mara nyingi dalili hiyo hunisaidia kuliko maumivu. Eksirei huionyesha kingo hiyo. Tunaisugua ilainike, au tunaziba upya. Kuna fizi zinazotulia kwa hilo tu na usafi wa kawaida.

Kisha napima kina cha mfuko kati ya fizi na jino, kwa kijiti chembamba chenye alama za milimita. Hadi 3, bila damu, hatuna ugomvi. Kuanzia 4, na damu inatoka, tunasafisha kwa kina: ganzi, kisha ugaga unakwanguliwa mpaka kwenye mzizi. Baada ya miezi miwili mitatu tunapima tena, na hapo ndipo upasuaji unapozungumzwa. Mifuko iliyobaki na milimita 6 au zaidi, bado inatoa damu, ndiyo ya kufunguliwa ili tuone mzizi wenyewe. Anayetaka kupasua siku ya kwanza, kabla hajasafisha, muulize sababu.

Sababu moja ya haki ipo. Ukingo wa dawa ya kuzibia ukiukaribia mno mfupa unaoshika jino, pengine chini ya milimita 2, fizi haitulii hata usafishe vipi. Hapo fizi na mfupa kidogo hupunguzwa ili ukingo uwe wazi. Kama jino lenyewe limebaki ganda, nitakuambia ukweli: pengine kuling'oa ni nafuu kuliko kulihangaikia.

Baada ya kusafishwa, fizi iliyovimba hunywea. Mapengo madogo yanaonekana, maji baridi yanauma, na mtu analalamika kuwa nimemtoboa meno. Hapana, mama, huo uwazi ulikuwa umejazwa na ugaga na uvimbe. Maumivu hayo ya maji baridi mara nyingi hupungua ndani ya wiki chache.

Amoksilini ya duka la dawa haing'oi ugaga. Maji ya chumvi hutuliza, basi. Wavuta sigara nao wasijidanganye kwa kutoona damu: tumbaku hubana mishipa, mfupa ukaliwa kimyakimya.

Mwenye kisukari aje na daftari lake la kliniki. Sukari ikiwa juu, kidonda cha fizi huchelewa kupona, na upasuaji usio wa dharura tutausogeza mbele hadi ishuke. Wakati huo tutaendelea kusafisha, na nyumbani atumie kila usiku kiswaki chembamba cha kupitisha kati ya meno, hasa kwenye yale yaliyozibwa.