"Zumu mara 83" maana yake nini? DSLR ya zamani mbele ya kamera mpya ya zumu ndefu

Namba ya zumu inayoandikwa kwenye boksi la kamera, mara 42, mara 65, mara 83, ni hesabu ya kugawanya tu. Unachukua urefu wa fokasi wa lenzi, yaani ule urefu wa milimita unaoamua lenzi inavuta kiasi gani, ikiwa imevutwa mpaka mwisho, unagawanya kwa urefu wake ikiwa imerudi ndani kabisa. Nikon Coolpix P900 iliyotoka mwaka 2015 inaandikwa milimita 24 hadi 2000. Gawanya 2000 kwa 24, unapata 83. Lenzi ndogo ya milimita 18 hadi 55 inayouzwa pamoja na DSLR nyingi, zile kamera za kubadilisha lenzi, ni zumu mara 3 kwa hesabu hiyo hiyo. Na lenzi ya milimita 600 isiyovutika, ile ndefu ya wapiga picha wa michezo wanaokaa nyuma ya goli, ni mara 1. Lakini inaona mbali kuliko kamera nyingi zenye "mara 20" kifuani. Kwa hiyo namba ile inakuambia lenzi inatoka wapi na inafika wapi. Haikuambii inaona mbali kiasi gani, na ubora wa picha haiugusi kabisa.

Nimeanza na hilo kwa sababu Kariakoo ndiyo namba inayouza. Mteja akiingia dukani swali lake la kwanza ni "hii inavuta mara ngapi?", na muuzaji hana haja ya kusema mengi, anageuza kamera aonyeshe maandishi. Pembeni kuna Canon EOS 600D ya mwaka 2011 au Nikon D90 ya 2008, mpira wa mshikio umeanza kubanduka, na haina namba yoyote ya kujisifia. Mtu anabeba ile mpya. Baada ya muda anapiga picha za harusi usiku, akizifungua kwenye kompyuta zimejaa chenga, sura za watu zimelainika kama zimepakwa nta, na hajui kosa liko wapi maana kamera ni mpya na imemgharimu.

Tuzitazame zenyewe. DSLR ni kamera ya kubadilisha lenzi, ndani yake kuna kioo kinachopeleka mwanga kwenye tundu la kuchungulia, kwa hiyo unaona kitu chenyewe kupitia lenzi. Ukibonyeza, kioo kinanyanyuka na mwanga unaifikia sensa, yaani lile bapa linalopokea picha. Kamera ya zumu ndefu ina umbo la DSLR, ina mshikio na sehemu ya kuchungulia, lakini lenzi haitoki na unachokiona ndani ni kioo kidogo cha kielektroniki. Tofauti kubwa zaidi huioni kwa nje. Sensa ya 600D ni milimita 22.3 kwa 14.9. Sensa ya P900, na ya Canon SX70 HS yenye zumu mara 65, na hata ya Nikon P1000 yenye mara 125, ni milimita 6.2 kwa 4.6 hivi. Ukipiga eneo kwa eneo, ya 600D ni kubwa karibu mara 12.

Udogo huo ndio unaowezesha zumu ya namna hiyo kuwepo. Zile milimita 2000 hazimo ndani ya lenzi. Urefu wa kweli wa lenzi ya P900 ikiwa imevutwa yote ni milimita 357. Sensa yake ni ndogo sana, inakata kipande chembamba cha mandhari, na kipande hicho ni sawa na ambacho lenzi ya milimita 2000 ingekionyesha kwenye kamera ya filamu ya kawaida ya milimita 35. Ni 357 mara 5.6 hivi. Si uongo, ni namna ya kulinganisha iliyokubalika, na DSLR nazo zina hesabu yao: lenzi ya milimita 300 kwenye 600D inaonyesha kile ambacho ingeonyesha ya 480. Ila anayesoma "2000" akadhani amenunua lenzi ya milimita 2000 amejipa matumaini yasiyokuwepo.

Kipimo ninachotaka msomaji akishike ni kingine kabisa, na hakiandikwi kwenye boksi lolote: upana wa tundu ambalo mwanga unapita. Unaupata kwa kugawanya urefu wa kweli wa lenzi kwa ile namba ya f inayoandikwa kwenye lenzi, mfano f/2.8. Namba ya f peke yake inapotosha unapolinganisha sensa za ukubwa tofauti. P900 ikiwa haijavutwa ina urefu wa kweli wa milimita 4.3 na f/2.8. Lenzi ya kawaida ya DSLR ikiwa haijavutwa ni milimita 18 na f/3.5. Ukisoma f tu utasema P900 imeshinda, maana namba ndogo ndiyo inayofungua zaidi. Sasa gawanya. P900: tundu la milimita 1.5. DSLR: milimita 5.1. Eneo la tundu la DSLR ni zaidi ya mara 10 ya lile jingine, na zote mbili zinatazama upana wa ukumbi unaokaribiana. Yaani lenzi ile ya bei rahisi, ambayo watu huiona takataka, inaipatia sensa yake mwanga mara kumi zaidi kutoka kwenye tukio lile lile.

Hapo ndipo chenga zinapotoka. Maharusi wanaingia ukumbini wakicheza, MC ameagiza taa kubwa zizimwe, zimebaki za zambarau ukutani na moja inayowafuata. Kamera yenye tundu dogo ina njia mbili tu. Ipandishe ISO, yaani ikuze ishara dhaifu iliyoipata, na chenga nazo zikue pamoja nayo. Au iache shata, lile pazia linaloruhusu mwanga kufika kwenye sensa, wazi muda mrefu, na mkono wa bi harusi unaopunga uwe ukungu. Programu ya ndani inajaribu kuzifuta chenga, ikizifuta inaondoka pia na nywele, shanga za gauni na mistari ya kitenge cha mama mkwe. Ukiifungia DSLR ya zamani lenzi ya milimita 50 f/1.8, ambayo ni miongoni mwa lenzi za bei ya chini kabisa, tundu ni milimita 28. Hakuna kamera ya zumu ndefu yenye sensa ndogo itakayoikaribia humo ukumbini, iwe imetoka mwaka jana au mwaka huu. P900 haina hata mahali pa kuchomeka flashi ya nje; P1000 ya mwaka 2018 ndiyo iliyoongezewa.

Sasa tugeuze upande, kwa sababu wapo wapenzi wa DSLR wanaozidharau hizi kamera, na hawazitendei haki.

Nenda Kunduchi maji yakiwa yamekupwa. Yangeyange mmoja amesimama kwenye tope, kimo chake kama sentimita 60, wewe uko mita 60 kutoka kwake na huwezi kusogea maana utazama mpaka magotini na yeye ataruka. Una 600D na lenzi ya milimita 300 f/5.6. Umbo la ndege huyo litakaloangukia kwenye sensa lina kimo cha milimita 3 tu, mle ndani ya sensa yenye kimo cha karibu milimita 15. Picha nzima ni tope, na ndege ni kidoa cheupe katikati. P900 ikivutwa mpaka mwisho inachora ndege yule yule kwa kimo cha milimita 3.6. Tofauti ni ndogo! Lakini milimita 3.6 kwenye sensa yenye kimo cha 4.6 ni ndege aliyejaza fremu, unamhesabu manyoya ya kisogoni.

Kisha piga hesabu ya tundu. DSLR: 300 kwa 5.6, milimita 54. P900: 357 kwa 6.5, milimita 55. Ni sawa. Kwa mwanga unaotoka kwa ndege yule, kamera zote mbili zimekusanya kiasi kile kile, na ule ukubwa wa sensa ya DSLR uliotushindia ukumbini hapa umelowa tope tu, haumfikii ndege. Ukimkata ndege kutoka kwenye picha ya DSLR unabaki na pikseli, yaani nukta za picha, kama 700 kwa kimo. P900 inampa zaidi ya 2,600. Hazitakuwa zote kali, maana mwanga ukipita kwenye lenzi na kutua kwenye pikseli ndogo kiasi hicho hutawanyika, pikseli jirani zikaona kitu kimoja. Hata hivyo, jua likiwa kali na ndege ametulia, kamera ya zumu ndefu itatoa picha bora kuliko DSLR yenye lenzi ya watu wa kawaida. Kuipita kwa mbali kwa DSLR unahitaji lenzi yenye tundu la milimita 100 au zaidi, na hiyo ni lenzi ya bei ya pikipiki kadhaa. Mwezi nao ni hivyo hivyo: kwenye P900 unajaza karibu robo tatu ya kimo cha picha, na kwa kuwa unamulikwa na jua moja kwa moja, ISO ya chini inatosha.

Yapo mambo mawili ya kuangalia hapo hapo Kunduchi. La kwanza ni weupe. Manyoya ya yangeyange saa sita mchana yanang'aa kupita kiasi, na sensa ndogo hufika kikomo upesi, mgongo wa ndege ukawa bapa jeupe lisilo na kitu. Punguza mwangaza kwenye kamera kabla hujabonyeza. DSLR hukuruhusu kupiga kwa RAW, ambamo maelezo ya sensa huhifadhiwa kabla kamera haijayageuza kuwa picha kamili, ukarudisha baadhi nyumbani. P900 inapiga JPEG, picha iliyokwisha kubanwa, peke yake. La pili ni mwendo. Akiruka, mambo yanabadilika. DSLR, hata D90 ya mwaka 2008, ina kifaa cha pekee cha kupima umbali ili ilenge haraka, na macho yako yanamwona ndege bila kuchelewa. Kamera nyingi za zumu ndefu zinatafutatafuta, lenzi inakwenda mbele na nyuma, na kioo cha kuchungulia kinakuonyesha alipokuwa. Wanaopiga picha za mpira wa miguu wanalijua hili vizuri.

Hewa ya hapa nayo ina la kusema. Ukisimama ufukweni Ocean Road mchana kupiga picha za meli zilizotia nanga, joto linapanda juu ya maji na hewa inacheza. Ukivuta mpaka milimita 2000 unakuwa umeivuta hewa hiyo yote, meli inapinda kama nguo inayoloweshwa. Hakuna lenzi inayotibu hilo. Amka alfajiri.

Umri wa DSLR umechukua vitu kadhaa na ni vizuri kuvitaja. D90 ndiyo DSLR ya kwanza kurekodi video, na video yake ni ya 720p tu. 600D inafika 1080p lakini hailengi yenyewe mfululizo wakati wa kurekodi, inabidi uzungushe lenzi kwa mkono. P1000 inarekodi 4K. Kutuma picha kwenye simu papo hapo, ambako ndiko wateja wengi wanakotaka siku hizi, DSLR za enzi hizo haziwezi bila kadi maalumu au kompyuta. Kinachobaki hakijachakaa: eneo la sensa ni lile lile, na Canon EF ni mlango wa lenzi tangu 1987, kwa hiyo lenzi za mitumba zipo.

Kati ya hizi mbili kuna kundi la tatu ambalo madukani huonekana kwa nadra, nalo ndilo ningemshauri mwenye fedha anayetaka kamera moja: Panasonic FZ1000 ya 2014 au Sony RX10 IV ya 2017. Sensa yao ni milimita 13.2 kwa 8.8, mara 4 ya ile ndogo. Sony inaishia 600 kwa hesabu ya kulinganisha, "mara 25" tu, namba isiyomsisimua mtu, lakini tundu lake likiwa limevutwa lote ni milimita 55. Lile lile la P900.

Kwa anayeanza na fedha chache, kama kazi ni harusi, vipaimara na mahafali, nunua DSLR ya zamani na lenzi ya milimita 50. Kama ni ndege wa Kunduchi au safari ya Mikumi mara moja kwa mwaka, chukua ya zumu ndefu bila aibu. Ikiwa ya mtumba, uliza idadi ya mibofyo. Shata ya D90 ilijaribiwa kwa mibofyo 100,000. Kisha washa tochi ya simu, imulike kupitia lenzi, utazame upande wa pili. Unyevu wa Dar unalea kuvu, na huonekana kama nyuzi nyembamba zilizotambaa kutoka ukingoni mwa kioo. Ukizikuta kwenye lenzi ya DSLR, chukua mwili wa kamera peke yake, lenzi utapata nyingine. Ukizikuta kwenye kamera ya zumu ndefu, irudishe mezani, maana lenzi yake haibadilishwi.