Heliamu Isiyotoa Mapovu, na Kwa Nini Hupandi Lifti na Tangi Lake

Malalamiko ya wageni wa maabara safari hii ni mawili: kwamba heliamu ya kimiminika waliyoonyeshwa "imelala", yaani haitoi mapovu, na kwamba masharti yetu yanatisha watu bure.

Haijalala. Heliamu huchemka kwenye kelvini 4.2 (karibu nyuzi 269 za Selsiasi chini ya sifuri). Pampu ikivuta mvuke wake, shinikizo hushuka na jotoridi nalo. Karibu na milibari 50, kwenye kelvini 2.17, mapovu hukatika ghafla. Hapo imekuwa supafluidi, yaani kimiminika kinachotiririka bila msuguano. Hupitisha joto upesi mno, hivyo hakuna sehemu ya ndani inayowahi kupata moto wa kutosha kufanya povu. Uvukizi hubaki usoni tu. Hupenya pia mianya inayokizuia kimiminika cha kawaida, jambo lililotangazwa mwaka 1938 na Kapitsa wa Moscow, na Allen na Misener wa Cambridge. Ndiyo maana kiungo kilichofaulu kipimo kwenye 4.2 huweza kuvuja chini ya 2.17. Aidha, utando wa takriban nanomita 30 hupanda ukuta wa chombo, huvukia penye joto na kuielemea pampu. Mafundi huupunguza kwa kuweka kizibo chenye tundu dogo shingoni.

Wapo pia wanaouliza kama chemchemi yake, yaani heliamu hiyo inaporuka juu kutoka kwenye mrija, inaweza kuzalisha umeme wa bure. Hapana. Huruka kwa nguvu ya hita. Zima hita, imekoma.

Sasa masharti. Lita 1 ya kimiminika huwa takriban lita 750 za gesi. Zikimwagika lita 10 katika chumba cha mita 3 kwa 3, kimo mita 2.5, gesi ikichanganyika sawasawa oksijeni hushuka kutoka asilimia 21 hadi karibu 15. Hutasikia harufu wala kukabwa. Hisia ya kukabwa huletwa na kaboni dayoksaidi ikizidi mwilini, si na upungufu wa oksijeni. Kwa hiyo: saini fomu, kipima-oksijeni kikilia kwa asilimia 19.5, toka, usirudie simu. Tangi hupanda lifti peke yake, na kila ghorofa husimama mtu wa kuzuia wanaotaka kuingia. Atakayegusa vali hufutiwa kibali, na kundi lake lote hutoka naye siku hiyo, awe mwanafunzi au profesa.

Wala hatutishi watu bure. Tarehe 19 Septemba 2008, kiungo kibovu cha umeme kwenye LHC, mashine kubwa ya kugonganisha chembe iliyo handakini karibu na Geneva, ambayo sumaku zake hupozwa hadi kelvini 1.9, kilisababisha takriban tani 6 za heliamu kutoroka. Hakuna aliyeumia: handakini hamkuwa na mtu.

Fomu ziko mapokezi. Zisomwe kabla ya kusainiwa, hasa ukurasa wa pili.