Urefu wa stringi: kompyuta inahesabu nini hasa?

Stringi ni maandishi ndani ya programu. Ukiuliza urefu wake kwa len("habari yako") kwenye lugha ya programu ya Python, jibu ni 11. Hesabu kwa kidole: herufi sita, nafasi moja, herufi nne. Nafasi nayo inahesabiwa, na kuruka mstari pia. Ndiyo maana jina lililonakiliwa kutoka mahali pengine huweza kukataliwa eti ni refu mno, ilhali machoni limetosha: kuna nafasi imebaki mwishoni, haionekani.

Hadi hapo mambo ni mepesi. Sasa chukua neno ng'ombe. Ukilichapa kwenye kihariri cha msimbo, ritifaa yake huwa imesimama wima ('). Ukilichapa kwenye programu ya kuandikia barua, mara nyingi ritifaa hubadilishwa yenyewe ikawa iliyojipinda (’). Python itasema yote mawili yana urefu wa 7. Lugha ya Go, kwa len() yake, itasema la kwanza ni 7 na la pili ni 9. Na ukiyalinganisha, utaambiwa hayafanani.

Hakuna aliyekosea. Kompyuta haihifadhi herufi, inahifadhi namba, na kila lugha ya programu imechagua kitu chake cha kuhesabu.

Zamani swali hili halikuwasumbua wengi. ASCII, orodha ya zamani inayoipa kila alama namba yake, iliyotolewa mwaka 1963, ina nafasi 128 tu, kwa hiyo kila alama inaenea ndani ya baiti moja, yaani kipande cha kumbukumbu cha biti nane (sifuri na moja nane). Kuhesabu baiti ndiko kuhesabu herufi. strlen() ya lugha ya C bado inafanya hivyo: inahesabu baiti mpaka ikutane na baiti yenye namba sifuri. Kiswahili chote, kwa ritifaa iliyosimama, kinaenea humo. Ni bahati nzuri, lakini inatulewesha: unaweza kuandika programu miaka mingi bila kuliona tatizo, mpaka siku mtumiaji aweke emoji.

Unicode, orodha kubwa ya namba za alama za lugha zote, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1991, leo ina nafasi 1,114,112 za namba za alama. Ili zihifadhiwe bila kupoteza kumbukumbu, Ken Thompson na Rob Pike walibuni UTF-8, njia ya kuzigeuza namba hizo kuwa baiti, mwaka 1992: alama huchukua baiti moja hadi nne. Herufi za ASCII zilibaki na baiti moja. Ritifaa iliyojipinda huchukua tatu, na hapo ndipo ile 9 ya Go ilipotoka.

Mfano unaoonyesha yote kwa pamoja ni emoji ya familia ya baba, mama na binti: 👨‍👩‍👧. Jicho linaona picha moja. Ndani yake mna emoji tatu zilizoungwa na viungo viwili visivyoonekana. Rust, inayohesabu baiti kama Go, inasema 18. JavaScript na Java, zinazohesabu vipande vya biti 16 vya UTF-16 (njia nyingine ya kuhifadhi namba za Unicode), zinasema 8, maana kila emoji hapo inachukua vipande viwili. Python inahesabu namba za Unicode, inasema 5. Swift inasema 1, na kwangu mimi hilo ndilo jibu linalomheshimu mtumiaji zaidi.

Tofauti hii inagharimu. Ujumbe mmoja wa SMS unabeba herufi 160 ukitumia orodha ya kawaida ya alama za simu. Ritifaa iliyojipinda haimo kwenye orodha hiyo. Ikiingia moja tu, ujumbe wote hubadilishiwa mfumo na kikomo hushuka hadi 70. Ujumbe wa herufi 150 uliokuwa mmoja sasa unakwenda vipande vitatu, kwa sababu ukigawanywa kila kipande kinabaki na nafasi 67.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika length, amua unapima nini. Ukubwa wa faili au wa data inayotumwa ni baiti. Kikomo unachomwonyesha mtu kwenye fomu kinapaswa kufuata anachokiona. Kwenye JavaScript, [...s].length inakupa namba za Unicode, na Intl.Segmenter inakupa alama kama jicho linavyoziona. Go ina utf8.RuneCountInString, Rust ina s.chars().count(), PHP ina mb_strlen. Zote tatu zinahesabu namba za Unicode, kwa hiyo ile familia bado itatoka 5. Na ukikata maandishi marefu, usikate kwa baiti kiholela: ukiipasua ile ritifaa katikati, msomaji ataona �.