Kambi ya Porini Hulindwa Kabla ya Jua Kuzama

Nilipofika kwenye kambi ile ya warina asali, ndani ya miombo upande wa Sikonge, kitu cha kwanza walichonionyesha ni sufuria. Ya alumini, ya kupikia watu wanane, na ubavuni ina matundu mawili, kila moja linaingia ncha ya kidole. Waliiokota vichakani, hatua kama sitini kutoka jikoni. Usiku uliotangulia ilikuwa imelala na ukoko na mafuta ya nyama ya mbuzi. Pamoja nayo vilichukuliwa viatu viwili vya ngozi. Kimoja kilipatikana, soli tupu.

"Moto ulikuwepo, mwanangu," mzee wa kambi aliniambia kabla sijauliza. "Tena wa magogo, umewaka mpaka alfajiri. Fisi kapita hapo hapo pembeni yake."

Nikatazama nyayo. Kweli, alipita hatua nne kutoka kwenye majivu.

Tunapozungumza na watu wanaolala porini, wawe warina asali, wawindaji wenye leseni, wavuvi wa mabwawa au wakulima wanaolinda mashamba, swali la kwanza huwa moto uwe mkubwa kiasi gani. La pili huwa bunduki. Yote mawili ni maswali ya usiku, na usiku ukishaingia mambo mengi yamekwisha kuamuliwa. Yanaamuliwa kati ya saa tisa alasiri na magharibi: pale mlipopiga hema, pale mlipochinjia, pale mlipomwaga maji ya vyombo, na kile ambacho kila mmoja ameingia nacho kulala.

Niumalize moto kwanza, maana sitaki mtu aende nyumbani akisema mtaalamu kakataza moto. Uwasheni. Unawapa mwanga na unawaweka watu pamoja. Ila mnyama wa miombo amekulia kwenye moto. Pori hili huungua karibu kila kiangazi, na simba au fisi hukatiza eneo lililoungua wakati visiki bado vinafuka. Mwaka 1898 kule Tsavo, Kenya, wajenzi wa reli walilala ndani ya maboma ya miiba, mioto inawaka, na bado simba wawili waliwavuta watu usiku kwa miezi, hadi mhandisi wao, John Henry Patterson, alipowaua wote wawili Desemba mwaka huo. Patterson mwenyewe alidai waliuawa watu 135. Uchunguzi wa kemikali za mifupa na manyoya uliochapishwa 2009 ulikadiria kama 35. Ngozi zao alizigeuza mazulia, kisha mwaka 1924 akaziuza kwa jumba la makumbusho la Field huko Chicago, zikajazwa upya, na hadi leo watoto wa shule hupanga foleni kuziangalia.

Fisi madoa ni habari nyingine. Mara nyingi haji kambini kutafuta mtu, anafuata mchuzi. Pua yake inanasa mzoga kutoka mbali sana, taya zake zinavunja mfupa wa pundamilia, na kwake ngozi, mkanda wa begi, kipande cha sabuni na taulo lililofutia mikono yenye mafuta vyote vina harufu ya kuliwa. Shida inaanza akifika na kumkuta mtu amelala nje, karibu na hicho chakula. Hapo hupima. Akiona kitu hakitikisiki, hung'ata, na aliyelala amejifunika blanketi mpaka shingoni anakuwa amemwachia uso.

Kwa hiyo jiko na malazi visikae pamoja. Najua hili halipendezi. Raha ya kambi ni kula, kuota moto na kujinyoosha pale pale ulipokalia. Lakini tengeni walau hatua mia moja kati ya mnapopika na mnapolala, na upepo wa jioni utoke mnakolala kwenda jikoni. Vyombo vioshwe kabla ya giza. Maji yake, makombo na mifupa vifukiwe huko huko jikoni, kwenye shimo la kina cha mkono mzima. Shimo la kiganja fisi analifukua kama anafunua sahani. Nguo uliyovaa ukichuna mnyama, ivue. Ikae na nyama, isikae na wewe.

Wenzetu wa Amerika Kaskazini wanaowinda kwenye milima yenye dubu wamefika kwenye kanuni hiyo hiyo kwa njia ya machungu. Kwa miaka mingi dubu wa hifadhi ya Yellowstone walikula kwenye majalala, na wageni waliwarushia mkate wakiwa ndani ya magari. Dampo la mwisho la wazi lilifungwa 1970. Dubu waliozoea takataka walihamia kwenye kambi kutafuta walichozoea, na wengi waliishia kuuawa. Leo mwindaji wa kule hupanga kambi yake kama mafiga matatu: anapolala pembe moja, anapopika pembe ya pili, anapohifadhi chakula na nyama pembe ya tatu, kila pembe mbali na mwenzake. Chakula hutundikwa kwa kamba, juu kuliko dubu aliyesimama anavyoweza kufikia na mbali na shina. Hata dawa ya meno haiingii hemani.

Mafiga hayo tunaweza kuyachukua kama yalivyo. Kutundika kunahitaji marekebisho, maana sisi tuna chui. Nyama iliyowekwa kwenye panda la mti imewekwa mezani kwake. Funga kamba kati ya miti miwili, nyama ining'inie katikati, mita nne kutoka ardhini, pasiwe na tawi la kuikaribia. Kichanja cha kukaushia nyama nacho kijengwe pembe hiyo ya tatu. Nimeona kambi ambapo kichanja kimejengwa mlangoni pa hema, ati wezi wasiibe. Mnyama mkubwa achinjwe na kutolewa matumbo pale alipoangukia, si kambini, na mkishabeba nyama msirudi pale baada ya jua kuzama. Wapo watakaokuwa wamefika kabla yenu.

Warina asali wana mgeni wao wa ziada, nyegere, mnyama mdogo mkali anayependa asali. Masega yaliyokamuliwa yakiachwa wazi huja mwenyewe, na ukimzuia kwenye kona hakimbii, anakurukia. Asali iingie kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana jioni ile ile, na ndoo zioshwe nje. Mabaki ya nta myafukie mbali.

Sasa mahali pa kambi. Ukikuta mahali peupe, pamesawazika, hapana nyasi, jiulize nani amepasawazisha. Mara nyingi ni mapito ya tembo au njia ya viboko. Kiboko hutoka majini jioni kwenda malishoni na kurudi alfajiri kwa njia hiyo hiyo, na akikukuta kati yake na maji hakuzunguki. Korongo kavu lenye mchanga laini linavutia kulala, lakini ndiyo barabara ya kila mnyama. Tena usipige hema chini ya mng'ongo wenye matunda. Tembo anafuata matunda yale usiku, na wewe umejilaza kwenye sahani yake. Chungwa moja ndani ya begi ndani ya hema linatosha kumfanya apitishe mkonga. Waongoza watalii wanalijua hilo, ndiyo maana huwauliza wageni wao kama wana matunda kabla ya kulala.

Kwa simba, saa ni muhimu kuliko mahali. Kati ya 1990 na 2004 simba waliua watu wasiopungua 563 Tanzania na kujeruhi zaidi ya 300, wengi wao mikoa ya kusini na pwani, wengi wakati wa mavuno. Sababu inaeleweka: nguruwe pori anafuata mahindi, simba anamfuata nguruwe, na katikati yao kuna mkulima amelala kwenye dungu la miti na makuti ili amfukuze nguruwe. Dungu fupi lisilo na ukuta halimzuii simba. Huko Rufiji simba mmoja aliyehusishwa na vifo vya watu zaidi ya 30 aliuawa Aprili 2004, akakutwa na jipu kubwa kwenye jino la gego. Wengine waliokula watu walikuwa wazima kabisa, kwa hiyo msikubali hadithi kwamba simba mzima hamgusi mtu.

Mwaka 2011 mtafiti wa simba Craig Packer, pamoja na Mtanzania Dennis Ikanda na wenzao, walichapisha matokeo ya kulinganisha mashambulizi hayo na kalenda ya mwezi. Mengi yalitokea jioni, toka giza linapoingia hadi karibu saa nne usiku. Na yaliongezeka sana katika siku zinazofuata mwezi mpevu. Wazee wengi wanaposikia hili huinua nyusi, kwa sababu mtu huogopa usiku wa giza totoro. Lakini fuatilia mwezi wenyewe. Baada ya kupevuka, kila siku unachelewa kuchomoza kwa takriban dakika hamsini. Siku ya tatu au ya nne unakuta giza limeshika tangu magharibi mpaka saa tatu, na hizo ndizo saa ambazo watu bado wanatembea, wanachota maji, wanakwenda kwa jirani. Simba naye amepita siku kadhaa za mbalamwezi ambamo swala walimwona akija. Ana njaa, na amepata giza. Katika siku kumi baada ya mwezi mpevu, kila mtu awe ameshajisaidia, ameshateka maji na yuko ndani kabla ya saa moja.

Hilo la kujisaidia watu hucheka nikilitaja, na mimi hulitaja kila mara. Saa saba za usiku mtu anaamka, yuko nusu usingizini, hana tochi, anatoka hatua kumi na kuchuchumaa. Akichuchumaa anakuwa na kimo cha mnyama mdogo. Wekeni kopo lenye mfuniko ndani ya hema. Ikibidi kutoka, amsha mwenzako, mulikeni pande zote kwanza mkitafuta macho yanayong'aa, na msiende mbali. Hakuna aibu hapo.

Hema lifungwe zipu mpaka chini, hata kama joto linawatesa. Wanyama hawa huliona hema lililofungwa kama kitu kizima, kama mwamba au kichuguu, na mara nyingi hulizunguka tu wakinusa. Mlango ulioachwa wazi kwa ajili ya upepo unabadilisha kila kitu. Kama mna turubai tupu, zungusheni miiba minene, mashina yakiwa ndani na matawi nje. Palipo na pengo wekeni tawi lingine, msiweke mtu. Taa za kumweka zinasaidia pia. Kijana wa Kimaasai, Richard Turere, alizibuni akiwa mtoto kando ya hifadhi ya Nairobi kulinda ng'ombe wa baba yake, baada ya kugundua kwamba simba aliogopa mwanga unaotembea zaidi ya taa iliyotulia. Tochi mbili zinazowaka na kuzima, zikihamishwa mahali kila usiku, zinatosha kambi ndogo.

Akija licha ya yote hayo? Kwa simba, chui au fisi, kusanyikeni, mulikeni, pigeni sufuria na madebe, pazeni sauti nzito. Asikimbie mtu hata mmoja. Anayekimbia ndiye anayefuatwa. Mkirudi nyuma, rudini mkimtazama. Kwa tembo ni kinyume: tulieni, zimeni kelele, mwacheni apite njia yake, na aliye ndani ya hema asitoke nje ghafla. Bunduki usiku huishia kumjeruhi mnyama, na simba aliyejeruhiwa kesho asubuhi yuko kwenye nyasi zile zile mnazopita. Sumu kwenye mzoga ndiyo isijadiliwe kabisa. Tumbusi wote wa eneo hilo watakufa kabla ya fisi, na aliyeiweka atashtakiwa.

Asubuhi, kabla ya chai, mtu mmoja azunguke kambi akisoma ardhi. Nyayo zenye alama za kucha mbele, za miguu ya mbele kubwa kuliko ya nyuma, ni za fisi. Rudieni kuangalia jikoni, kuna kitu mmekiacha. Nyayo pana za mviringo zisizo na kucha ni za paka mkubwa, na zikiwa na upana wa kiganja kizima ni simba. Akizunguka hema usiku mmoja akaendelea na safari, kaeni macho. Akirudi usiku wa pili, vunjeni kambi mchana ule ule na mpelekeeni taarifa askari wa wanyamapori aliye karibu, mkimwonyesha nyayo kabla upepo haujazifuta.