Injini ya hidrojeni haitoi maji matupu

Wiki hii nimeisikia tena, safari hii kwa mhandisi mwenzangu, ile kauli kwamba ndege itakayochoma hidrojeni haitatoa chochote ila maji. Kauli hiyo imenichosha, kwa sababu ni kweli ndani ya chupa ya maabara yenye oksijeni safi, na si kweli ndani ya injini inayovuta hewa.

Hewa hiyo ni nitrojeni kwa takriban asilimia 78. Nitrojeni hutulia mpaka mwali uwe mkali mno, ndipo inaposhikana na oksijeni na kuzaa oksidi za nitrojeni, gesi zinazochafua hewa, na kuanzia hapo joto likiongezeka kidogo tu, oksidi huongezeka maradufu. Mwali wa hidrojeni uliopata hewa ya kuutosha bila ziada huwa wa moto zaidi kuliko wa mafuta ya taa, kwa hiyo anayebadili mafuta na kukiacha chumba cha mwako kilivyo huzidisha uchafu aliotaka kuuondoa.

Kuiwasha hidrojeni hakujawahi kuwa shida: injini ya majaribio ya Hans von Ohain, Mjerumani mwanzilishi wa injini za jeti, iliichoma mwaka 1937, na Tupolev Tu-155, ndege ya majaribio ya Kisovieti, iliruka nayo mwaka 1988 huku injini moja kati ya tatu ikiitumia. Kazi ni kuichoma kwa ubaridi. Hidrojeni hukubali kuungua hata ikiwa chache sana ndani ya hewa, pale ambapo mwali wa mafuta ya taa ungezimika, na mwali wa namna hiyo huwa na joto dogo; tena tunaugawa mwali mkubwa kuwa mamia ya miali midogo ili gesi ipite kwenye joto kali kwa muda mfupi mno. Lakini huungua haraka kiasi kwamba moto unaweza kurudi kinyume cha mkondo na kukiunguza kichomeo. Ukiichanganya na hewa mapema, oksidi hupungua na hatari hiyo huongezeka. Ukichelewa, mambo hugeuka. Tena kichomeo kilichotulia katika shinikizo la kawaida kinaweza kuasi kikifika mara 40 ya shinikizo hilo, hali ya injini kubwa wakati ndege inapopaa, kwa hiyo matokeo yasiyotaja shinikizo hayanishawishi.

Seli za hidrojeni, zinazozalisha umeme bila mwali, ndizo hutoa maji tu. Zisichanganywe na turbini, yaani injini hizi zinazochoma.

Na maji yenyewe yana hesabu yake. Kwa nishati ile ile, hidrojeni hutoa mvuke takriban mara 2.6 ya mafuta ya taa, na mvuke huo ndio unaolisha michirizi ya mawingu nyuma ya ndege. Kwa kuwa hakuna masizi ya barafu kushikia, fuwele za barafu zinatarajiwa kuwa chache, kubwa na za kuanguka mapema. Vitabu huishia hapo, ilhali matone ya oili ya kulainishia injini na chembe zilizomo tayari angani nazo zinaweza kuanzisha barafu. Naegemea upande wa wanaosema michirizi itapungua makali, ila sikubali tarajio hilo liingizwe kwenye mahesabu ya tabianchi kama kipimo kilichokwisha kuchukuliwa.